Hela ya Kuonyesha

Reli inayotoka Tabora kwenda Kigoma, kupitia Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza, inafuata kwa kiasi kikubwa mwelekeo wa njia ya misafara iliyowahi kuunganisha Bagamoyo na Ujiji. Leo ukanda huu una watu wake wengi ng'ambo. Waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakapokelewa Ulyankulu, Katumba na Mishamo wana ndugu waliohamishiwa Marekani. Wakongo wa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, wanao pia. Wapo na Wanyamwezi na Waha waliokwenda kusoma, wakaoa au wakaolewa huko, wakabaki.

Palipo na ndugu ng'ambo hapakosi mazungumzo ya viza, na palipo na mazungumzo ya viza hapakosi vishoka. Dai linalowaumiza watu kuliko yote ni lile la hela ya kuonyesha: fedha inayoazimwa, ikaingizwa benki, ikachapwa kwenye stetimenti ili afisa wa ubalozi aione, kisha ikarudishwa kwa mwenyewe na riba juu. Nayajibu hapa madai yanayozunguka suala hili, nikishika zaidi viza ya uhamiaji ya Marekani inayotolewa kwa njia ya familia, maana ndiyo iliyozungushiwa uongo mwingi zaidi.

"Lazima uwe na mamilioni kwenye akaunti yako mwenyewe."

Kwa viza ya kifamilia, si kweli. Sheria ya Marekani imekuwa ikimkataa mtu anayeelekea kuwa mzigo kwa umma tangu 1882. Mwaka 1996 Bunge lao liliongeza sharti: anayemwita ndugu yake lazima asaini udhamini unaoweza kudaiwa mahakamani. Ndiyo Fomu I-864, iliyoanza kutumika Desemba 1997. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuulizwa kuhusu kipato ni yule aliyeko Marekani aliyepeleka ombi.

Kipato chake kinapimwa kwa kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali yao kila mwaka, naye anatakiwa afikie asilimia 125 ya kiwango hicho. Kwa viwango vya 2025, katika majimbo yote isipokuwa Alaska na Hawaii, kaya ya watu wawili ilihitaji dola 26,437 kwa mwaka, na ya watu wanne dola 40,187. Kaya hapa ina hesabu yake. Anahesabiwa mdhamini, mwenzi wake, watoto wanaomtegemea, kila anayeitwa, na hata yule aliyemdhamini zamani ambaye dhamana yake haijaisha. Mtu mwenye mke na watoto wawili anayetaka kumwita mama yake aliyebaki Kaliua ana kaya ya watu watano, na kiwango chake cha 2025 kilikuwa dola 47,062. Familia nyingi hujikwaa hapa kwa sababu mdhamini alijihesabu yeye na mama tu.

Ushahidi wake ni kumbukumbu za kodi kutoka mamlaka ya mapato ya Marekani, hati za mshahara na barua ya mwajiri. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotafutwa Tabora. Mama huyo wa Kaliua anaweza kuwa hajawahi kufungua akaunti ya benki maishani mwake, na faili lake la fedha likawa limekamilika.

Niseme na upande wa pili, kwa sababu ni haki ya msomaji. Fomu iliyojazwa vizuri haimfungi mikono afisa. Sheria inamtaka atazame pia umri wa mwombaji, afya, hali ya familia, mali, elimu na ujuzi wake. Mzee mgonjwa mwenye mdhamini wa kipato cha kubahatisha anaweza kuulizwa maswali magumu. Lakini hata hapo jibu linalomsaidia ni kipato halisi cha mdhamini, au mdhamini wa pili. Mamilioni ya kuazima hayajibu lolote.

Dai hili limetoka wapi? Limetoka kwenye viza nyingine. Mwanafunzi anayeomba kwenda Uingereza huwa anadaiwa fedha ambazo zimekaa kwenye akaunti yake au ya mzazi wake kwa siku 28 mfululizo. Anayemfuata mwenzi wake Uingereza anakutana na sharti la kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, lililopandishwa kutoka 18,600 mwezi Aprili 2024. Ujerumani ina utaratibu wake wa mwanafunzi kuweka fedha kwenye akaunti iliyofungwa, anayochota kidogo kidogo kila mwezi. Kila sharti ni la kweli mahali pake. Kishoka analichukua la mwanafunzi wa London akampachika bibi anayekwenda kwa mwanawe Texas. Ndiyo maana swali la kwanza katika jambo hili ni aina ya viza na nchi. Kiasi cha fedha kinafuata baadaye.

"Ng'ombe, mashamba na hela ya tumbaku vinatosha kuonyesha uwezo."

Dai hili linatoka kwa watu wenye heshima zao, na nalijibu kwa heshima hiyo. Mkulima wa Urambo anayeuza tumbaku kupitia chama chake cha ushirika, yaani AMCOS, akakatwa mkopo wa pembejeo na kubaki na chake, ni mtu mwenye uwezo kweli. Ameshasomesha, ameshajenga. Anapoambiwa kwamba yote hayo hayahesabiwi anahisi amedharauliwa.

Sheria inatenganisha kipato na mali. Kipato cha anayehama kinahesabiwa tu ikiwa kitaendelea kutoka chanzo kilekile halali baada ya kuhama. Mshahara wa mtu anayehamishwa na kampuni yake unaweza kuendelea. Tumbaku haiendelei, kwa sababu mkulima akiondoka shamba linabaki kwa mtu mwingine au linarudi msitu. Kwa hiyo risiti za mauzo ya misimu kumi, hata ziwe safi namna gani, haziingii kwenye hesabu ya kipato.

Mali ni habari nyingine, na hapa vishoka hawasemi ukweli wote. Mali ya anayehama inaweza kuziba pengo la mdhamini, ikiwa inaweza kugeuzwa fedha ndani ya mwaka mmoja na fedha hiyo ikaweza kutoka nchini. Thamani yake, baada ya kutoa madeni, inatakiwa ifikie mara tano ya pengo. Kwa mwenzi wa raia wa Marekani, au mtoto wake aliyetimiza miaka 18, inatosha mara tatu. Tuseme mdhamini, akiwa raia, amepungukiwa dola 4,000 na anamwita mkewe. Mali ya dola 12,000 inaziba. Akimwita kaka yake, zinahitajika 20,000.

Sasa nyumba ya Isevya au Cheyo, mjini Tabora, yenye hati, iliyothaminiwa na mthamini aliyesajiliwa, inaweza kusimama katika hesabu hiyo. Shamba la kijijini ni gumu zaidi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 mwanakijiji ana hakimiliki ya kimila, na hata akiwa na hati yake, kumuuzia mtu wa nje ya kijiji si jambo la kumalizika kwa makubaliano ya watu wawili. Afisa akiuliza "utaiuza kwa nani, lini, kwa bei gani?" barua ya mtendaji wa kijiji haimjibu. Ng'ombe wanauzika, lakini afisa anahitaji uthibitisho wa idadi, umiliki na bei, na katika familia zetu ng'ombe wa zizi moja mara nyingi wana wenyewe watatu au wanne: baba, kaka aliyeko Mpanda, binti ambaye mahari yake ilibaki zizini. Kuwaandika wote kwa jina la anayesafiri ni kusema uongo kwa maandishi.

Na gari? Halihesabiwi mpaka uonyeshe unalo jingine linalotembea ambalo hukuliweka kwenye orodha.

"Jaza akaunti wiki chache kabla ya mahojiano, kila mtu anafanya hivyo."

Anayeshauri hivi hajawahi kusoma maelekezo ya fomu. Mali ya benki inathibitishwa kwa historia ya miezi 12, yaani nini kiliingia, nini kilitoka na salio likoje leo. Akaunti iliyolala na shilingi elfu ishirini mwaka mzima, kisha ikaamka na milioni 30 mwezi mmoja kabla ya mahojiano, inajieleza yenyewe. Afisa atauliza fedha imetoka wapi, na mwombaji atalazimika kuchagua kati ya kukiri kwamba ni ya kuazima na kudanganya.

Akidanganya, anaingia kwenye kosa zito kuliko upungufu wowote wa fedha. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inamzuia maisha mtu aliyetafuta viza kwa kupotosha jambo la msingi au kwa hati ya kughushi. Msamaha upo, ila una masharti magumu na si kila mtu anaweza kuuomba. Mtu aliyekosa dola elfu tatu angeweza kutafuta mdhamini wa pili. Mtu aliyeleta stetimenti ya kughushi ameliharibu jina lake katika kila ombi litakalofuata, la uhamiaji na hata la matembezi.

Huko nyumbani nako deni linabaki. Mkopeshaji hajali kama viza imetoka au haikutoka. Hili linaniuma, kwa kuwa wanaoingizwa humo ni watu ambao kwa viza yao hawakuhitaji kuwa na akaunti kabisa.

"Ukikosa karatasi moja siku hiyo, safari imekufa."

Haijafa. Afisa akiona ushahidi wa fedha haujakamilika hutoa karatasi inayoeleza kilichopungua, na mwombaji ana mwaka mmoja wa kukileta bila kuanza upya wala kulipa tena ada ya maombi. Mwaka ukipita bila kitu, hapo ndipo anaanza mwanzo.

"Mdhamini lazima awe ndugu wa damu."

Aliyepeleka ombi lazima asaini fomu yake, hata kama hana kipato. Lakini mdhamini wa pili anayeziba upungufu anaweza kuwa rafiki, mwajiri, muumini mwenzake wa msikitini au kanisani. Anachotakiwa ni kuwa raia au mkazi wa kudumu wa Marekani, awe na miaka 18 au zaidi, awe anaishi huko, na kipato chake peke yake kitoshe kaya yake pamoja na wale anaowadhamini. Mjomba tajiri wa Muscat au Dar es Salaam hawezi kuwa mdhamini huyo, hata awe na magorofa.

"Hiyo fomu ni karatasi tu, ukifika kila mtu anajitegemea."

Hapa nataka kukaa kidogo, maana dai hili linawadhulumu watu wawili kwa pamoja: anayesaini na anayesainiwa.

Watu wa njia hii ya misafara hawakujifunza dhamana jana. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora, aliingia bara kwa bidhaa za mkopo kutoka kwa matajiri wa Kihindi wa Zanzibar, na mtaji wake mkubwa ulitoka kwa Taria Topan. Nguo na shanga zingeweza kupotea Manyema. Deni lisingepotea Unguja. Safari nzima ya bara ilisimama juu ya mtu mmoja wa pwani aliyekubali kubeba hasara ya mwingine. Wala historia hiyo si ya kujivunia yote, kwa kuwa misafara hiyo ilibeba pembe na watumwa.

Udhamini wa I-864 una nguvu ya namna hiyo kisheria. Anayesaini ameahidi kumtunza aliyeitwa asishuke chini ya asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Aliyeitwa akipokea misaada fulani ya serikali inayotolewa kwa wasio na uwezo, shirika lililoitoa linaweza kumdai mdhamini. Aliyeitwa mwenyewe anaweza kumshtaki mdhamini aliyemtelekeza. Ahadi inaisha pale aliyeitwa anapopata uraia, anapotimiza robo 40 za kazi, ambazo ni kama miaka kumi, anapofariki, au anapoacha ukazi na kuondoka Marekani moja kwa moja. Mdhamini akifariki, ahadi yake ya mbele inakoma naye. Talaka haiko kwenye orodha hiyo.

Msomaji aliyeko ng'ambo na apime uzito wa jambo analoombwa na nyumbani. Na nyumbani nako tuache kumwita mbahili kijana anayesita kumsainia rafiki wa binamu. Anasita kwa haki.

Kuna na dai pacha, linalonong'onwa kwa mabinti wanaoolewa ng'ambo: kwamba aliyekudhamini amekununua, ukimwacha utamlipa au utarudishwa. Fomu haisemi hivyo. Deni lote lililomo ni la mdhamini. Aliyeitwa si mtumwa wa mdhamini, wala mdhamini hamdai yeye kitu kwa fomu hii. Mwanamke anayepigwa Ohio asivumilie kwa kuamini kwamba fomu hiyo ni pingu yake. Kuna mashauri ya kisheria ya ukazi wake ambayo ni magumu, hasa akiwa ameolewa chini ya miaka miwili, na anahitaji mwanasheria. Ila deni la kurudisha hana.

"Hata wakimbizi wanaonyesha fedha."

Dai hili linasikika kambini, na ni la kikatili. Mkimbizi anayehamishwa kupitia mpango wa makazi mapya hadaiwi I-864 wala salio la benki. Mwenzi wake na watoto wake wasio na ndoa walio chini ya miaka 21, anaowafuatilia ndani ya miaka miwili tangu alipofika, nao hawadaiwi. Nauli ya ndege imekuwa ikitolewa kwa mkopo usio na riba kupitia Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, na kurejeshwa baada ya kufika. Anayechangisha pesa kambini ili "kuweka jina mbele" anaiba.

Ugumu unakuja kwa ndugu. Chukua watu wawili waliozaliwa na mama mmoja. Mmoja alihamishwa Marekani kama mkimbizi akawa raia. Mwingine alibaki Ulyankulu, akawa miongoni mwa zaidi ya watu 160,000 wenye asili ya Burundi waliokubaliwa uraia wa Tanzania mwaka 2010. Huyu wa pili si mkimbizi tena. Akiitwa na kaka yake, anaingia foleni ya ndugu wa raia, ambayo kwa sasa inachukua zaidi ya miaka 15, na mwishoni mwake atahitaji I-864 kama mtu mwingine yeyote. Anayemwambia kwamba atasafiri "kwa karatasi za ukimbizi za kaka" anamwelekeza kwenye kosa.

"Aliyeshinda bahati nasibu hana haja ya kitu."

Mshindi wa bahati nasibu ya viza hana I-864 kwa kuwa hana aliyemwombea. Lakini sharti la kutokuwa mzigo linamhusu. Ni katika viza hii ambapo elimu, ujuzi, akiba yake halisi au barua ya mwenyeji, Fomu I-134, huwa na kazi. Mchumba wa raia naye hutumia I-134 kwanza, kwa kiwango cha asilimia 100, na I-864 huja baada ya ndoa.

"Wamefunga, ila nina mtu wangu ndani."

Sehemu ya kwanza ina ukweli mzito. Mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025. Burundi iliwekwa kwenye vizuizi vya sehemu Juni 2025. Tangazo la Rais wa Marekani la Desemba 2025 likaiongeza Tanzania kuanzia 1 Januari 2026, kwa viza za uhamiaji na baadhi ya viza za muda. Mwezi huohuo wa Januari wizara yao ya mambo ya nje ikasitisha utoaji wa viza za uhamiaji kwa raia wa nchi 75, zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda na Kongo, kwa hoja ileile ya mzigo kwa umma. Naona ni hukumu isiyo ya haki. Sheria ya 1996 ilimpima mdhamini mmoja mmoja, kwa kodi yake na kaya yake. Uamuzi huu umempima mtu kwa pasipoti, na mfanyakazi aliyelipa kodi miaka kumi ili amwite mama yake hakupewa nafasi ya kuonyesha hata hati moja ya mshahara.

Sehemu ya pili ya dai ni wizi. Ombi lililopokelewa linabaki na tarehe yake ya foleni, na hakuna mtu wa Tabora anayeweza kuisogeza. Ada za kituo cha viza, dola 120 za kukagua udhamini na dola 325 za maombi, hulipwa mtandaoni kutoka akaunti ya benki ya Marekani. Hazilipwi mkononi, steshenari wala kwa simu ya mtu. Kinachofaa sasa ni mdhamini kuendelea kuwasilisha kodi yake kwa wakati kila mwaka, kutunza hati zake, na kukumbuka kwamba viwango vya kipato hubadilika kila mwanzo wa mwaka, hivyo fomu ya mwaka juzi italazimika kuangaliwa upya. Nyumbani, vyeti vya kuzaliwa vya RITA na vya ndoa vitafutwe mapema, majina yakiwa sawa kwenye kila karatasi. Na mtu akidai shilingi milioni kadhaa kwa ajili ya viza ambayo serikali yenyewe ya Marekani imesema haitoi, jina lake lipelekwe kituo cha polisi kabla hajafika nyumba ya jirani.